Jino Lililong'oka Si Jino Lililokufa



Jumamosi moja, baada ya mvua za kwanza, mama mmoja alikuja kwetu hospitali pamoja na mtoto wake wa kiume mwenye miaka 11. Mtoto alikuwa kipa. Walikuwa wakicheza mpira na watoto wa masomo mengine, akatoka golini ili ashike mpira, na goti la mwenzake likampiga mdomoni. Midomo ilikuwa imevimba, na mahali pa jino la mbele la juu palikuwa shimo tupu lenye damu iliyoganda. Nikauliza, "Jino liko wapi?" Mama akafungua ncha ya kitenge chake, akanipa karatasi iliyokunjwa. Ndani mlikuwa jino, jeupe sana. Alikuwa amelisugua kwa sabuni na majivu mpaka likang'aa, kisha akalianika juani, maana hakutaka kumletea munganga kitu chenye uchafu. Tangu lilipong'oka zilikuwa zimepita saa tano.

Mama yule alitembea kwa miguu njia yote, mtoto akimwegemea. Hakuna mtu atakayesema kwamba hakumpenda mtoto wake. Lakini kwa sabuni ile na majivu yale na jua lile, jino lilikufa. Kama angeliokota na kulitia katika kopo la maziwa, au kama mwalimu angelirudisha mahali pake palepale kiwanjani, pengine mtoto angekuwa nalo hata leo.

Wala mimi sina haki ya kumhukumu. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi, kijana mmoja aliniletea jino lake mkononi, bado lina damu mbichi, hata nusu saa haijapita. Nikamsafisha kinywa, nikampa dawa ya maumivu, na jino nikalitupa katika ndoo ya takataka. Nilidhani jino likitoka limekwisha. Kijana yule sasa ni mtu mzima. Tunakutana sokoni, tunaamkiana vizuri, na kila anapocheka anaweka mkono mbele ya mdomo.

Kwa ajili yao wawili naandika maneno haya.

Wengine watasema, "Ni jino tu, mtu ana meno 32." Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, sheria ya Musa ilisema kwamba bwana akimpiga mtumwa wake na kumng'oa jino, lazima amwache huru kwa ajili ya jino hilo. Tunaoishi Kasongo, mji uliokuwa makao makubwa ya Tippu Tip, tunaweza kufahamu uzito wa sheria hiyo kuliko watu wengi: jino moja lilipimwa sawa na uhuru wa mtu mzima. Na kwa mtoto, jino la mbele ni kitu kikubwa. Bila meno ya juu ya mbele ni vigumu kutamka vizuri "f" na "v". Atauma hindi la kuchoma kwa shida. Wenzake watampa jina la kumcheka, na katika kwaya atasimama nyuma.

Msidhani jambo hili ni la watu wachache. Shirika la Afya la Ulimwengu linasema kwamba watu kama bilioni 1 duniani wamepata kuumia meno au kinywa, na kwamba kati ya watoto 100 wenye miaka 12 au chini yake, karibu 20 yamewapata. Yanayoumia zaidi ni meno mawili ya mbele ya juu. Mtoto ambaye meno yake ya juu yametokeza mbele, hata midomo haiyafuniki, yuko katika hatari kubwa kuliko wenzake. Wazazi wa mtoto wa namna hiyo wamwangalie zaidi.

Sasa tutazame namna ya kuyalinda. Nitaanza na kiwanja chenyewe, maana mara nyingi kosa liko hapo kabla mtu hajapiga mpira hata mara moja. Viwanja vyetu vingi ni vya udongo mgumu. Wakati wa kiangazi ni kama saruji. Wakati wa mvua ni utelezi. Kuna mawe, kuna visiki vya miti iliyokatwa, kuna mizizi ya mwembe inayotoka juu ya ardhi. Mtoto anatazama mpira, hatazami chini. Basi kabla ya mchezo, mwalimu awapange watoto mstari mmoja kutoka upande hadi upande, watembee polepole, na kila mmoja aokote jiwe au chupa anayoiona. Kazi hiyo haichukui hata robo saa. Visiki ving'olewe kwa jembe siku nyingine. Nguzo za goli zichimbiwe chini sana. Mti unaopita juu ufungwe kwa kamba imara, tena mwalimu aujaribu kwa mikono yake, kwa sababu watoto wanapenda kuning'inia, na mti ukianguka unapiga uso.

Tena msiwachanganye wakubwa na wadogo. Mtoto wa miaka 8 anayecheza na vijana wa miaka 16 ana kichwa chake usawa wa viwiko vyao. Wawili wakiruka pamoja kupiga mpira kwa kichwa, kipaji cha mmoja kinakutana na mdomo wa mwingine. Mwamuzi akiona mtu anainua mguu juu karibu na uso wa mwenzake, asingoje damu, apige filimbi. Na asiruhusu mtoto kukimbia akiwa na kitu mdomoni: kijiti cha kusugulia meno, kipande cha muwa, kifuniko cha kalamu, hata filimbi. Akianguka, kitu hicho kinaingia kooni au kinasukuma meno.

Wasichana wanaocheza nzango wanaruka wakitazamana, wala hawagongani kama wavulana katika mpira. Nimeona majeraha machache sana kutoka nzango. Wasichana wanaumia mahali pengine, nitasema baadaye.

Iko pia kinga ya meno, ambayo watu wa ndondi wanaivaa kinywani. Mwaka 1890, huko London, munganga wa meno jina lake Woolf Krause alianza kuwawekea wapiganaji wa ndondi vipande vya gutaperka juu ya meno kabla ya pigano. Gutaperka ni utomvu mgumu wa mti wa Asia, unafanana kidogo na mpira ambao babu zetu walilazimishwa kuugema msituni. Baadaye mwana wake Philip alitengeneza kinga ya mpira ambayo mtu aliweza kuitoa na kuivaa tena. Wazee wanakumbuka usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman walipopigana Kinshasa saa kumi ya alfajiri. Mikono ile iliweza kumwangusha mtu mzito kama mti, lakini kila mmoja wao alikuwa na kinga kinywani. Kama wenye nguvu namna ile hawakuona haya kuyafunika meno yao, kijana wa Kasongo aone haya kwa nini?

Kinga inafanya kazi namna hii. Pigo likija, nguvu yake haiangukii jino moja. Inatawanyika juu ya meno mengi. Tena meno ya chini hayagongi ya juu, na midomo haikatwi na meno. Huko New Zealand mchezo wa raga unapendwa sana, nao ni mchezo wa kugongana. Kuanzia mwaka 1998 kila mchezaji wa nchi hiyo alilazimishwa kuvaa kinga. Walipolinganisha mwaka 1995 na mwaka 2003, madai ya malipo kwa meno yaliyoumia katika raga yalikuwa yamepungua kwa sehemu 43 katika 100. Katika mpira wa miguu sheria inadai kinga za miguu, haidai kinga za meno. Basi tunalinda mifupa ya miguu, ambayo ikivunjika huungana tena, na meno, ambayo yakivunjika hayaungani yenyewe, tunayaacha wazi. Mimi naona hapo hesabu si sawa.

Anayepata nafasi ya kununua, pengine ndugu yake akisafiri Bukavu au Kinshasa, achague ile inayolainishwa katika maji ya moto. Unaitumbukiza kama maandishi yake yanavyoagiza, unaipoza kidogo ili isiunguze, unaiweka juu ya meno ya juu, unauma na kuibana kwa vidole na ulimi mpaka ishike umbo la meno yako. Haifai kuazimana. Ioshwe kwa maji baridi na sabuni, ikaushwe, iwekwe katika kikopo chenye matundu, mbali na panya. Mtoto anayeendelea kukua ataihitaji nyingine baada ya muda, maana kinywa chake kinabadilika. Lakini msijitengenezee kinga ya kitambaa, ya kipande cha kandambili au ya mti. Vitu hivyo vinaweza kuteleza na kuziba koo, na kupoteza jino ni afadhali kuliko kupoteza pumzi.

Najua wengi wenu hamtainunua mwaka huu. Fedha inakwenda kwa karo na chumvi. Ndiyo sababu nilianza na mawe ya kiwanjani.

Watu wazima nao wasome, maana hatari si ya watoto peke yao. Vijana wanaosukuma baiskeli zenye mizigo ya mchele na mawese katika njia ya Kasongo na Kabambare wanajua mtelemko ulivyo wakati wa mvua. Breki ikikatika, mtu anaanguka kwa uso juu ya usukani wa chuma. Kagueni breki kabla ya mtelemko, wala si katikati yake. Wenye pikipiki wachague kofia inayofunika kidevu. Ile inayofunika utosi tu inasaidia kichwa, lakini taya na meno vinabaki mbele ya pigo. Na kuna wale wanaofungua chupa kwa meno, wanaovunja mbegu za ngazi kwa meno, wanaokaza kamba ya mzigo kwa meno. Jino likipata ufa leo, litavunjika siku nyingine kwa pigo dogo, na mtu atashangaa akisema, "Nilikuwa nakula bugari tu."

Sasa, kama pigo limekwisha kuja, utafanya nini?

Kwanza tazama mtu mzima, usitazame jino. Amezimia? Anatapika? Anasinzia, au hajui yuko wapi? Taya limepinda, au meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani? Basi acha habari za jino, mpeleke hospitali upesi. Kama sivyo, mketishe, ainame mbele ili damu isiingie kooni, na aume kitambaa safi.

Kisha tafuta jino. Tafuteni wote, katika majani na katika nguo zake. Lisipoonekana, naye anakohoa au anapumua kwa sauti, pengine limeingia katika njia ya pumzi. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Hapa nawaomba mwelewe kitu kimoja, maana ndicho ambacho mimi sikukijua wakati ule. Jino lina sehemu mbili. Ile tunayoiona ni ngumu, haina shida. Ile iliyozama katika taya ni mzizi, nao umevikwa utando mwembamba wenye uhai, na utando huo ndio unaolishikamanisha jino na mfupa. Mnajua mche wa nyanya. Ukiung'oa na udongo wake kidogo na kuupanda mara moja, unashika. Ukiosha mizizi kwa sabuni na kuianika juani, hata ukipanda katika shamba zuri namna gani, unakauka. Jino ni vilevile. Likikaa kavu, utando unaanza kufa upesi, na baada ya saa moja karibu wote umekufa.

Kwa hiyo lishike kwa upande mweupe wa kutafunia, usiguse mzizi. Kama lina udongo, lisuuze kidogo tu kwa maziwa, au kwa maji safi muda wa kuhesabu mpaka kumi, au aliyeumia alilambe mwenyewe. Usilisugue. Usitie sabuni, wala majivu, wala pombe, wala dawa ya kidonda. Kisha lirudishe katika shimo lake palepale. Ndiyo, wewe mwalimu, wewe mama, wewe mchezaji mwenzake. Litazame jino la jirani ili ujue upande wa mbele ni upi, lisukume polepole kwa kidole mpaka lilingane na mengine, na mwambie aume kitambaa kilichokunjwa. Litauma kidogo, si sana kama watu wanavyoogopa. Halafu njooni hospitali.

Kama huwezi, au mtoto anakataa kabisa, litie katika maziwa baridi yasiyo na sukari. Maziwa ya ng'ombe ni mazuri. Hata ya unga yaliyokorogwa na maji safi yatafaa. Maziwa yasipopatikana, aliyeumia ateme mate katika kikopo na jino likae humo. Katika kituo cha afya kuna serumu ya chumvi, nayo inafaa kwa muda mfupi. Nyumbani unaweza kuchemsha maji lita 1, ukatia chumvi vijiko vidogo 1 na nusu vilivyosawazishwa, ukayaacha yapoe. Maji matupu si mazuri, kwa maana yanavimbisha na kupasua vitu vidogo vyenye uhai katika ule utando. Lakini hata hayo ni afadhali kuliko karatasi kavu na ncha ya kitenge.

Meno ya utoto ni habari nyingine. Mtoto ambaye hajafika miaka 6 akiling'oa jino, msilirudishe, kwa kuwa chini yake liko jino la ukubwani, nanyi mtaliumiza. Wengi wetu tuna desturi ya kulitupa jino la utoto juu ya paa. Kwa jino hilo si neno. Lakini nimemsikia nyanya mmoja akisema kwamba alilitupa juu ya paa jino la mjukuu wake wa miaka 13, na mzizi wake mrefu. Hilo halikuwa na mwenzake wa kulifuata.

Jino likivunjika kipande, kiokoteni kipande hicho, kitieni katika maziwa au maji. Munganga wa meno anaweza kukibandika tena. Mkiona nukta nyekundu katikati ya mahali palipovunjika, kiini cha jino kiko wazi; asicheleweshwe.

Nilisema wasichana wanaumia mahali pengine. Mwaka uliopita, msichana wa miaka 12 alikuwa akipanda kutoka kisimani na bidoni ya maji kichwani. Udongo ulikuwa na utelezi, akaanguka kwa uso juu ya jiwe, na jino la mbele likatoka lote. Mwalimu wake alikuwa nyuma yake njiani, naye alikuwa amesikia fundisho hili mbele ya wagonjwa asubuhi moja alipomleta mtoto wake kupimwa. Alilisuuza, akalirudisha kwa kidole chake mwenyewe huku msichana akilia, akamfunga taya kwa kilemba, akamleta. Walipofika, jino lilikuwa limesimama mahali pake, limepinda kidogo sana. Nikalinyosha, nikapitisha uzi wa kushonea juu yake ili lisitoke, nikatazama kama amechanjwa pepopunda, nikampa dawa ya kuzuia usaha. Kwa wiki mbili alikula uji, ndizi mbivu na sombe iliyopikwa laini, akasugua meno polepole asubuhi na jioni, na kukogesha kinywa kwa maji ya chumvi. Siku ya 14 nikatoa uzi. Jino lilikuwa limeshika.

Nikamwambia baba yake kwamba kazi haijakwisha. Kiini cha ndani cha jino la umri wake hakirudi kuwa hai. Kikiachwa kinaoza na kuleta jipu, na mwili unaanza kuula mzizi polepole. Munganga wa meno anapaswa kukitoa na kujaza nafasi yake, na ingefaa afanye hivyo ndani ya wiki mbili hizo. Baba alitazama chini, akahesabu. Safari ni ndefu, na mchele ulikuwa bado shambani. Alimpeleka baada ya mavuno, wakiwa wamechelewa. Jino limegeuka rangi, ni la kijivu kidogo ukilitazama kwa karibu. Jumapili iliyopita aliimba mstari wa mbele.